Anayeingia na Anayesimama

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires III, uliotolewa mwaka 2005, ukichagua kuongoza Wahispania unapewa askari ambaye mataifa mengine hayana. Jina lake ni Rodelero. Ana upanga mkono wa kulia na ngao ya duara mkono wa kushoto, na anakimbia kuliko askari wengi wa miguu. Hana bunduki wala upinde, kwa hiyo hawezi kumgusa adui mpaka amfikie. Mchezo unamtambulisha kuwa mzuri dhidi ya wapanda farasi, na kweli ukimtuma kwa farasi anawaangusha. Vijana wa kwetu Ogwedhi wanaocheza kwenye kompyuta za mitumba wanalijua hilo bila kulisoma popote. Farasi wakitokea upande wa pili wa ramani, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha ngao.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kilichonishika kwa askari huyu ni kwamba maisha yake ya kweli yalikuwa kinyume. Rodelero halisi alikuwa adui wa mikuki. Farasi walikuwa maangamizi yake. Tangu nilipolifahamu hilo nimekuwa nikimfuatilia kwenye vitabu, na kadiri ninavyomfuatilia ndivyo anavyonirudisha nyumbani, kwenye mpaka wetu na kwa ndugu yangu mkubwa, ambaye hajawahi kushika upanga maishani mwake isipokuwa panga la kukatia miwa.

Mwaka 1495 kamanda wa Kihispania Gonzalo Fernández de Córdoba alikuwa kusini mwa Italia akimsaidia mfalme wa Napoli. Pale Seminara jeshi lao lilikutana na Wafaransa wenye farasi wazito na Waswisi wenye mikuki mirefu, likapigwa vibaya. Watu wa upanga na ngao hawakuwa na cha kufanya mbele ya farasi aliyevikwa chuma anayekuja kwa mbio. Gonzalo hakuwatupa. Alijifunza kuwachanganya na wenzao, na mwaka 1503 pale Cerignola alichimba handaki, akaweka wenye bunduki nyuma yake, akawaacha Wafaransa waje mpaka pale walipokwama. Ushindi ule ndio uliompa jina kubwa Ulaya nzima.

Lakini siku ya Rodelero yenyewe ni Jumapili ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 1512, karibu na mji wa Ravenna. Mbele ya Wahispania wenye ngao walisimama askari wa Kijerumani waliokuwa wakipigania Ufaransa, safu juu ya safu, kila mmoja na mkuki wa mita tano hivi. Ukiitazama safu ya namna hiyo kutoka mbele huoni pa kupita. Wahispania wale waliinama. Walijikunja nyuma ya ngao zao, wakapenya chini ya mikuki, wakainuka wakiwa tayari katikati ya Wajerumani. Hapo urefu wa mkuki ukageuka kuwa msiba wa mwenye nao. Adui akishafika kifuani pako, mkuki wa mita tano huwezi kuuvuta nyuma, maana mwenzako amesimama mgongoni kwako, na huwezi kuugeuza, maana kulia na kushoto kumejaa watu. Mwenye upanga mfupi alikuwa na nafasi ya kutosha.

Niccolò Machiavelli, ambaye aliandika Il Principe mwaka mmoja tu baadaye, anaikumbuka siku hiyo katika sura ya mwisho ya kitabu chake. Anasema Wajerumani wale wangekwisha wote kama wapanda farasi wa Kifaransa wasingefika kuwaokoa. Farasi tena. Watu wa ngao walishinda mahali walipokuwa wamesimama, na jeshi lao likashindwa siku hiyohiyo, uwanja huohuo. Waliondoka kwa mpangilio, bila kukimbia, na kijana Gaston de Foix, kamanda wa Wafaransa, aliuawa alipojaribu kuwavunja wakiondoka. Hata hivyo Ravenna iliandikwa kuwa ushindi wa Ufaransa.

Miaka kadhaa baadaye, katika kitabu chake cha sanaa ya vita kilichochapishwa mwaka 1521, Machiavelli anapendekeza dawa. Kikosi kiwe na wenye ngao 300 na wenye mikuki mirefu 100, na mikuki itangulie. Kazi ya wenye mikuki ni kusimama na kuwazuia farasi. Kazi ya wenye ngao ni kuingia pale mapigano yanapokuwa ya kifua kwa kifua. Mmoja anasimama ili mwingine aingie. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kurasa nyingine za historia ya Ulaya ninazozifundisha, na sababu yenyewe haimhusu Machiavelli. Inahusu Ogwedhi.

Kwa asiyepajua, Ogwedhi ni soko la mpakani katika Kaunti ya Migori, pale nchi ya Wajaluo inapokutana na Transmara ya Wamaasai, na Wakuria hawako mbali. Siku ya soko utasikia Kijaluo, Kimaasai, Kikuria, Kikisii na Kiswahili katika mita chache za barabara. Ng'ombe na kondoo wanashuka kutoka upande wa Transmara. Omena na samaki wa kukaushwa wanapanda kutoka ziwani, kutoka Karungu na Homa Bay. Mahindi, ndizi, sukari guru, viatu vya matairi, vyote vinakutana hapo. Mtu anayekuja mara ya kwanza huona biashara tu na kudhani ndivyo palivyo siku zote.

Sisi tuliozaliwa hapo tunajua pia usiku. Wizi wa mifugo ni jambo la zamani kwenye mpaka huu, na kila upande una orodha yake ya ng'ombe walioenda wasirudi. Utotoni kwangu usiku ulikuwa na sauti moja tuliyoiogopa, nduru. Mtu mmoja anapiga nduru kilimani, wa pili anaipokea, wa tatu anaipeleka mbele, na kabla hujavaa shati wanaume wameshatoka. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba si wote waliotoka walikwenda kufuata nyayo za ng'ombe. Wengine kazi yao ilikuwa kusimama. Walisimama kwenye mlango wa boma, kwenye kivuko cha mto, kwenye njia ya kurudia, usiku kucha, bila kuona adui yeyote. Asubuhi habari zote zilikuwa za waliofuata: nani alikimbia mpaka wapi, nani aliona nini, nani alizungumza Kimaasai na wazee wa upande wa pili mpaka ndama wakarudishwa. Waliosimama walikwenda zao kulala.

Jirani yetu mmoja, mzee ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na ngao ya zamani ya ngozi ya nyati, ile tunayoiita kuot. Alinipa niishike. Ngozi ilikuwa nene na ngumu kabisa, imekunjamana kidogo ukingoni, na nyuma yake katikati ulipita mti mmoja mwembamba ulioshonewa kwa mikanda ya ngozi. Mti huo ndio mshiko. Unaufumbata kwa vidole, basi. Nilipoinyoosha mbele yangu kwa muda niliona bega linaanza kuuma na vidole vinataka kufunguka vyenyewe. Mzee akaniambia ngao haichoshi mkono unapopigana, inachosha mkono unapongoja.

Rodela, ile ngao ya Wahispania iliyompa askari jina, ilitengenezwa kwa namna nyingine. Haikushikwa kwa vidole tu. Mkono wa kushoto ulipitishwa kwenye kanda mbili, moja karibu na kiwiko na nyingine kiganjani, kiasi kwamba ngao ilikuwa imevaliwa. Faida yake ni kwamba pigo linagawanyika kwenye mkono mzima. Hasara yake, ikiwa ni hasara, ni kwamba huwezi kuitupa kwa haraka ukichoka au ukitaka kukimbia. Ya mzee wetu ungeweza kuiacha kwa kufungua vidole. Nimewaza sana juu ya tofauti hiyo. Kuna majukumu ambayo mtu anayashika na kuna majukumu ambayo mtu anavalishwa, na ukiyatazama kutoka mbele yote yanaonekana ni ngao.

Ndugu yangu alivalishwa. Baba alipougua, yeye alikuwa kidato cha pili na mimi bado shule ya msingi. Hakuna kikao kilichofanyika. Hakuna aliyemwambia acha shule. Muhula ulianza, yeye akabaki, na wiki hiyo akaanza kukata miwa kwenye mashamba ya watu. Baadaye alipata kazi kwenye mtambo wa sukari guru. Wengi wanaipenda sukari guru kwenye uji na hawajawahi kuiona ikipikwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Miwa inasagwa kwa mashine ya dizeli, maji yake yanamiminwa kwenye makarai mapana yaliyopangwa juu ya tanuri refu la udongo. Chini yake unawaka moto wa makapi ya miwa yaleyale yaliyokaushwa juani. Mtu mmoja anakaa mdomoni mwa tanuri akiulisha moto, maana makapi yanateketea upesi na moto ukipungua tu mpiko unaharibika. Mwingine anaengua povu juu ya karai. Wa tatu anasubiri uji uwe mzito kiasi kinachofaa, aumimine kwenye vibao. Anayemimina ndiye fundi, ndiye anayejulikana, ndiye wateja wanaomsalimia kwa jina. Ndugu yangu alikuwa mdomoni mwa tanuri.

Karo yangu ya sekondari ilitoka hapo. Alikuja nayo shuleni mwenyewe, noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari, zinanuka moshi. Alingoja risiti iandikwe, akaisoma yote, akanirudishia na kuniambia, "Omera," yaani ndugu, "wewe ingia darasani." Kisha akatafuta gari la kurudi Migori. Nilipofika chuo kikuu, kijiji kiliniandalia sherehe. Nilisimama mbele ya hema, mchungaji akaniombea, wazee wakanishika kichwa. Ndugu yangu alikuwa nyuma anagawa soda.

Ndiyo maana siwezi kuusoma ukurasa ule wa Machiavelli kama mambo ya Italia. Mimi ndiye niliyeinama nikapita chini ya mikuki. Mitihani, mahojiano ya kazi, mji nisioujua, vyote nilivipenya nikiwa na upanga mfupi na miguu myepesi, na watu wananisifu kwa miguu hiyo. Farasi ambao wangenikanyaga, yaani njaa ya nyumbani, hospitali, madeni, mashauri ya ardhi, hawakunifikia. Mtu alikuwa amesimama mbele yao na mkuki wake umekita ardhini.

Ukitaka kuona jambo hili limeandikwa kwa mawe, nenda Thimlich Ohinga, upande wa Nyatike katika kaunti yetu hiihii. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa tangu karne ya 16 hivi na kukaliwa na jamii moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zinafika zaidi ya mita nne mahali pengine, na hakuna udongo wala saruji iliyoshikamanisha mawe. Nimewapeleka wanafunzi huko. Wote hukimbilia lango, kwa sababu ni fupi na lazima uiname ili uingie, na hilo linawafurahisha. Mimi huwaonyesha mahali ambapo ukuta umebomoka kidogo na tumbo lake linaonekana. Wajenzi walipandisha ukuta wa nje na ukuta wa ndani kwa pamoja, na katikati wakajaza mawe madogo yanayozifunga kuta hizo mbili zisiachane. Mgeni anapiga picha ukuta wa nje. Wenye boma waliegemea ule wa ndani. Ya katikati hakuna aliyeyaona tangu siku yalipowekwa, mpaka ukuta ulipoanguka.

Mchezo wa Age of Empires III umejengwa juu ya safari za Wazungu kwenda Amerika, na huko ndiko Rodelero alikopata jina zaidi kuliko Italia. Hernán Cortés alipoondoka Cuba mwaka 1519 alikuwa na askari 500 na kidogo. Bernal Díaz del Castillo, aliyekuwamo, anahesabu farasi 16, wenye pinde za kufyatua 32 na wenye bunduki 13. Maana yake ni kwamba wengi wa waliobaki walitegemea upanga na ngao. Kwa muda mrefu vitabu vya shule duniani vilisimulia kwamba watu hao mia chache waliangusha dola ya Waazteki. Haikuwa hivyo. Walikuwa na watu wa Tlaxcala, maelfu kwa maelfu, waliokuwa maadui wa Waazteki tangu zamani. Hao ndio waliobeba chakula, waliojaza mifereji, waliopigana safu za mbele, na ndui ilipoingia mwaka 1520 waliugua na kufa kama wengine. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulipoanguka Agosti 1521, watu wa Tlaxcala walikuwa wengi kuliko Wahispania mara nyingi sana. Rodelero ameingia kwenye michezo ya kompyuta kwa jina lake. Waliomfungulia njia wamebaki kuwa "washirika".

Nasi kwenye pwani yetu tuna ukurasa wa namna hiyo. Mwaka 1505, Julai na Agosti, Francisco de Almeida alizipiga Kilwa na Mombasa kwa jeshi la Wareno lililojua upanga na ngao sawasawa na jirani zao Wahispania. Mombasa ilipigana kwenye vichochoro, watu wakirusha mawe kutoka juu ya mapaa ya nyumba, mpaka mji ukachomwa moto na kuporwa. Wareno hawakuwa wengi hata kidogo ukilinganisha na pwani nzima. Waliweza kukaa kwa sababu walikuwa na Malindi. Tangu Vasco da Gama alipofika huko mwaka 1498, Malindi iliwapa maji, chakula na rubani wa kuwavusha hadi India, kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu. Mwaka 1528 Nuno da Cunha alipoishambulia tena Mombasa, watu wa Malindi walikuwa pamoja naye.

Nasikitika ninapofundisha sehemu hii, na sitaki kuificha. Ninajua Malindi walimsaidia nani. Hata hivyo ninajua pia walivyolipwa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakahamishia makao yao Mombasa, na mfalme wa Malindi akawekwa kwenye kiti cha Mombasa. Kwa macho ni heshima. Kwa vitendo, makapteni wa ngome walimwingilia katika kila jambo. Mfalme Hasan aligombana nao, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliingia ndani ya ngome ileile na watu wake, akamuua kapteni, akaitwaa. Karne moja na zaidi ya usaidizi iliishia kwa mjukuu wa nyumba iliyosaidia kushika kisu. Wanafunzi huniuliza kama Yusuf alikuwa shujaa au msaliti. Mimi huwarudisha nyuma kwenye hesabu: nani alisimama, kwa muda gani, na alipewa nini baada ya hapo.

Swali hilo nimejiuliza mimi pia, na sikulijibu kwa hotuba. Mtoto wa kwanza wa ndugu yangu yupo sekondari na karo yake ninailipa. Siiiti msaada, na nimemkataza mke wangu na mama kuiita hivyo mbele ya watu. Ardhi ya baba ilipokuja kugawanywa, wazee walitaka tugawane sawasawa, na kwa sheria walikuwa na haki. Niliomba kipande cha kando ya mto kiende kwake, chenye rutuba na maji. Mzee mmoja aliniuliza kama nimechoka na kwetu. Nikamwambia baba alipolala kitandani yule pale ndiye aliyekuwa akikilima, na mimi nilikuwa nakula kilichotoka humo. Kikao kilinyamaza kidogo, kisha wakakubali.

Mchezo wenyewe nimeujulia kwa kijana huyo wa ndugu yangu. Alikuja nyumbani kwangu likizo, akaiwasha kompyuta yangu ya zamani, akaniita, "Baba mdogo, njoo uone Wahispania." Nikakaa naye. Nikaona jinsi anavyopanga jeshi, Rodelero mbele, wengi, kwa sababu wana kasi na wanapendeza. Wenye mikuki mirefu aliwatengeneza wachache mwanzoni tu, kwa sababu hawahitaji dhahabu, ni chakula na mbao basi. Kisha aliwasahau pembeni mwa kambi. Nilimweleza habari za Ravenna. Alisikiliza vizuri, akajaribu kuwapanga kama Machiavelli alivyotaka, akashindwa na mizinga ya adui, akacheka, akaanza upya. Sikuwa na neno. Mchezo una sheria zake, na ndani ya sheria hizo Rodelero anaweza farasi, wala si dhambi kijana kuzifuata. Nilitaka tu ajue kuwa kulikuwa na mtu wa kweli nyuma ya picha ile, na mwingine wa kweli kando yake.

Likizo iliyofuata nilikwenda Ogwedhi na kompyuta. Umeme upo siku hizi. Jioni, baada ya ng'ombe kufungwa, kijana akamwonyesha baba yake. Ndugu yangu si mtu wa michezo. Alivuta kiti, akavaa miwani, akatazama kimya muda mrefu kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya wale wenye mikuki.

"Na hawa wanafanya nini?"

"Wanasimama tu, baba," kijana akasema. "Hawana kasi."

"Wanasimama wapi?"

"Popote utakapowaweka."

Akatikisa kichwa kana kwamba amewatambua. Akaniuliza mimi vita vikiisha wanakwenda wapi. Nikamwambia kwenye mchezo vita vikiisha kila kitu kinazimika, lakini kwenye historia ninajua walikokwenda. Kufikia miaka ya 1530 Hispania ilipanga upya askari wake wa miguu katika vikosi vilivyoitwa tercio, mikuki mirefu na bunduki bega kwa bega, na mtu wa upanga na ngao hakuwa na nafasi tena. Akabaki huku na huku, kwenye mashambulizi ya ngome na makoloni ya mbali, mpaka akaisha. Mwenye mkuki mrefu hakuondoka. Kila mtu aliyekuja na silaha mpya alihitaji mtu wa kusimama mbele ya farasi wakati yeye anajaza baruti. Akaendelea kuhitajika mpaka mwanzoni mwa karne ya 18, bunduki zilipofungwa visu mdomoni.

Ndugu yangu alivua miwani.

"Kwa hiyo huyu wa mkuki alidumu kuliko yule wa ngao."

"Zaidi ya miaka 150."

"Hebu mwambie mtoto," akasema, akamvuta mwanawe karibu. "Sema tena, omera, miaka mingapi?"